Bastola ya Babu Elifuti

Kama gazeti la wiki jana lilikufikia likiwa limefungia maandazi, usihuzunike. Hukukosa habari njema. Sosthenes Kalinga hajapata habari njema hata moja tangu tuanze kumsimulia hapa.

Kwa kifupi: tembo walimbomolea kambi yake ya watalii pale Idodi. Akajiliwaza kwa kugombea udiwani, akapata kura moja, na mkewe Faustina anaapa mpaka leo kwamba siku hiyo naye alipiga kura. Ikabaki heshima moja tu duniani ambayo alikuwa hajaikosa: ukuu wa ukoo wa Kalinga, kule Kilolo, ulioachwa wazi na marehemu kaka yake.

Mkuu wa ukoo ndiye mtunzaji wa bastola ya babu Elifuti. Kwa kuwa tangu kaka yake augue bastola ilikuwa chini ya kitanda cha Sosthenes, yeye aliona kiti nacho ni chake, kimebaki kufutwa vumbi tu. Aliota kiti hicho usingizini, na akiwa macho pia.

Ndipo binamu yake, Bartholomeo, alipoinuka kwenye matanga, mfupa wa mbuzi mkononi, akasema: "Ile bastola ni bati. Ilinunuliwa Igawa kando ya barabara, pamoja na vitunguu."

Matanga yakageuka bunge. Wakakubaliana bastola ipelekwe Mbeya kwa mtu anayejua silaha za zamani, aikague, na ukoo mzima ukusanyike Kilolo utazame ukaguzi kwa video ya simu. Bastola ikiwa ya kweli, Sosthenes anakaa kitini. Ikiwa bati, anakaa Bartholomeo.

Tulimwacha Sosthenes mlangoni pa duka la Daxa, Mbeya mjini, amekumbatia hotpoti. Bastola ilikuwa imesafiri humo kutoka Iringa, chini ya wali. Faustina alikuwa nyuma yake, amebeba mkoba na dharau.

"Ugonile, karibuni," alisema Daxa bila kuinua macho. "Mmeniletea chakula?"

"Ni bastola, mama," Sosthenes alinong'ona.

"Kwenye hotpoti?"

"Isionekane."

"Na ifike ikiwa ya moto," alisema Faustina.

Huyu Daxa si mtu wa mchezo. Baba yake, marehemu Bipin, alikuwa na leseni ya kuuza na kutengeneza bunduki za wawindaji. Binti akasomea uhandisi Uingereza, jambo ambalo hamalizi robo saa bila kukukumbusha, akarudi, akafunga biashara ya bunduki, akaanza kuuza pampu za maji na misumeno ya mashine. Lakini mtu akiokota silaha kuukuu popote kuanzia Tunduma mpaka Iringa, wanaotaka kuijua wanamfuata yeye.

Aliifukua bastola kwa kijiko. Akaielekeza mdomo kwenye mifuko ya saruji iliyopangwa ukutani, akapangusa punje za wali, kisha akaiweka mezani bila kuikagua.

"Kabla sijaanza, sikia sheria ya duka hili, aliiweka marehemu baba. Nikikuta ni bati la mapambo, au chuma chakavu kisichofaa kitu, unachukua mali yako unaenda. Nikikuta ni silaha, haitoki tena mlango ule. Naita polisi."

"Polisi wa nini? Hii ni ya babu!"

"Una kibali?"

"Babu hakuwa na kibali."

"Basi tungemkamata babu. Hayupo. Upo wewe."

Sosthenes alicheka, akangoja na yeye acheke. Daxa hakucheka.

"Muda wa kusalimisha silaha kwa hiari umekwisha. Walitangaza redioni kila siku. Hukusikia?"

Alisikia. Kila tangazo lilipoanza, alikuwa akipunguza sauti.

Sasa ndugu msomaji, mtazame mtu wetu alivyokaa. Bastola ikiwa bati, kiti kinakwenda kwa Bartholomeo na vitunguu vyake. Ikiwa ya kweli, kiti ni cha Sosthenes, na mahabusu pia ni ya Sosthenes. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa na bastola.

"Mke wangu," alisema taratibu, akivuta hotpoti kwake, "turudi nyumbani."

Simu ikaita. Ilikuwa video kutoka Kilolo. Faustina, ambaye hajawahi kuchelewa kupokea simu isiyo yake, akaipokea.

"Kamweneee!" Ukoo mzima ulisalimia kwa pamoja kutoka chini ya turubai.

"Mbona naona dari?" aliuliza Shangazi Matilda. Huyu ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki, na alikuwa ameisogelea simu hivi kwamba kioo kilijaa paji lake la uso. Faustina akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, bastola ikaonekana vizuri.

"Haya, mama wa Mbeya," ilisema sauti ya Bartholomeo. Alikuwa amevaa koti, na juu ya koti amevaa koti jingine. "Tuambie. Bati la kopo au bati la nyumba?"

Daxa alivaa miwani. Akainua bastola, akaipima uzito kwa kiganja, akapitisha ukucha kwenye kila skrubu. Aliitazama kwa muda mrefu, na Sosthenes akajikuta anaomba Mungu mambo mawili yanayopingana, moja kwa kila pumzi.

"Si bati," alisema Daxa.

Bartholomeo alivua koti la juu.

"Tazameni. Hapa kwenye fremu kuna namba. Namba hiyohiyo iko kwenye hiki kichwa kinachozunguka, na hapa kwenye kijilango cha kupakilia. Wanaotengeneza bandia hawajisumbui hivyo. Hapa kushoto kuna kizuizi cha usalama, na bastola za mzunguko huwa hazina. Halafu haina kijiti cha kusukumia maganda nje. Askari alikuwa anayatoa moja moja kwa kijiti cha kuokota. Jeshi moja tu lilikuwa bahili hivyo."

"Jeshi gani?" aliuliza Shangazi Matilda.

"La Mjerumani. Hii ni bastola ya kweli ya afisa wa Kijerumani."

Kilolo ililipuka kwa vigelegele. Mtu alipiga sufuria. Sosthenes aliruka juu, mikono miwili hewani, akapiga kelele "Ndiyo!", kisha akakumbuka sheria ya marehemu Bipin, akakaa chini polepole.

Bartholomeo hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. "Ya Mjerumani, sawa," alisema. "Lakini ni ya babu? Asome jina! Si mnasema ina jina la babu?"

Hapo inabidi nikueleze. Ukoo wa Kalinga unasema hivi, na Shangazi Matilda alimsimulia Daxa palepale: pale Lugalo, Wahehe walipowachapa Wajerumani mwaka 1891, babu Elifuti alimbana afisa mmoja, na yule afisa kabla ya kusalimu amri akachora jina la mshindi kwenye bastola, kwa heshima. Hakuna aliyewahi kuuliza mtu aliyekabwa koo alipata wapi patasi. Na kwenye mpini ziko herufi mbili, K.S., ambazo Sosthenes tangu utoto alizisoma kama Kalinga Sosthenes. Aliamini babu alimwona kabla hajazaliwa.

Daxa alichovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akasugua juu ya kifyatuo. Chuma kikaanza kung'aa, herufi zikatoka moja moja.

"E. R. F. U. R. T."

"Elifuti!" uliitika ukoo.

Huku kwetu, r na l ni majirani wanaoazimana chumvi. Hakuna aliyeona tatizo.

"Erfurt," alisema Daxa. "Ni mji. Uko Ujerumani. Palikuwa na kiwanda cha bunduki cha serikali yao."

Aliyekuwa akipiga sufuria akaiweka chini.

"Huo mji," alisema Shangazi Matilda baada ya kufikiri, "wameupa jina la babu?"

"Shangazi, mji huo ni mkongwe kuliko babu yenu."

"Wewe babu yetu ulimwona wapi?"

Daxa aliendelea kusugua. "Chini ya jina kuna mwaka. Elfu moja mia nane tisini na nne. Lugalo mlisema ilikuwa lini?"

Chini ya turubai wakaanza kuhesabu vidole. Mwaka wa Lugalo, Mhehe anaujua kabla ya siku yake ya kuzaliwa.

"Kwa hiyo babu aliinyang'anya bastola miaka mitatu kabla haijatengenezwa," alisema Faustina. "Kweli alikuwa shujaa."

"Na K.S.?" aliuliza Sosthenes. Sauti ilikuwa ndogo. "Hiyo K.S. kwenye mpini?"

"Alama ya jeshi lao la huku koloni. Waliipiga kwenye silaha zote."

Jambo hilo lilimuuma Sosthenes kuliko tembo, kuliko ile kura moja. Miaka hamsini na kitu alikuwa akizigusa zile herufi gizani, chini ya kitanda cha wazee na baadaye chake, na kujisikia mtu aliyechaguliwa. Kumbe ilikuwa chapa, kama ya gunia la mbolea.

"Lakini babu aliitwa Elifuti," alisema Shangazi Matilda, na sasa alikuwa amekasirika. "Hilo utaligeuza vipi? Jina lake lilikuwa jingine, la kwao. Hili la Elifuti walimpa Wajerumani wenyewe! Marehemu mama alikuwa anasimulia. Mzungu alikuwa anaita tu, 'Erfuti! Erfuti!', babu anakwenda mbio."

"Alikuwa anaita akitaka nini?" aliuliza Daxa.

Shangazi Matilda akaanza kufunga kanga yake upya.

"Akitaka bastola yake," alisema Faustina.

"Usinitukanie wazee, Faustina! Ninyi Wanyakyusa midomo inawawasha. Kila arusi tunaimba, na wewe umeimba, ulivyoolewa hapa! Elifuti alimfuata Mjerumani, mguu kwa mguu, mpaka Mahenge!"

"Alimfuata akimkimbiza," aliuliza Daxa, "au alimfuata akimbebea?"

Kiswahili ni lugha karimu sana. Neno lilelile moja linamtosha anayemwinda mtu na anayembebea mtu begi. Ukoo wa Kalinga ulikuwa umelicheza neno hilo arusini kwa zaidi ya miaka mia moja, mabega juu, mabega chini, na hakuna hata mmoja aliyeligeuza kuona upande wa pili.

Bartholomeo alianza kucheka. Alicheka mpaka koti la pili likafunguka vifungo. "Mpagazi! Jamani, babu yake Sosthenes alikuwa mpagazi! Alipewa jina la mzigo!"

"Babu yangu ni babu yako, Bartholomeo!"

Kicheko kilikatika katikati. Mtu mmoja nyuma alipendekeza chakula kipakuliwe.

Hapo ndipo Sosthenes alipoona mwanya. Ushujaa umekufa, sawa. Basi na bastola ife, yeye arudi Iringa salama, kiti wakitafute baadaye kwa njia nyingine. Alimkana babu yake hata jogoo hajapata nafasi ya kusafisha koo.

"Mama Daxa, umetusaidia sana, ndaga fijo," alisema haraka. "Kumbe ni takataka ya mpagazi. Sema tu ni chuma chakavu, tuiweke kwenye wali wetu, tuondoke."

"Bado sijajua kama inafanya kazi."

"Haifanyi! Ina miaka mia na thelathini!"

"Kinu cha bibi yako kina miaka mingapi, na bado si kinatwanga?" Alijaribu kufungua kijilango cha kupakilia, kikagoma kwa kutu. "Hiki kimeganda. Nitapima matundu kwa mbele. Faustina mdogo wangu, hapo kwenye droo, nipe kalamu ya risasi."

Mtandao wa huku milimani una tabia zake. Unaweza kumeza hotuba nzima ukakuachia neno moja. Kilichofika Kilolo ni hiki: mwanamke ameshika bastola, ameielekeza kwenye simu, anasema, "...risasi!"

Ukoo wa mashujaa ulitawanyika. Viti vilianguka, nguzo moja ya turubai ikalala, simu yao ikadondoka ikabaki inaonyesha mawingu na mguu wa kuku. Wa kwanza kuingia chini ya meza alikuwa Bartholomeo, yuleyule aliyesema ni bati.

"Ni penseli!" Faustina alikuwa akipiga kelele huku machozi ya kicheko yakimtoka. "Jamani, penseli! Kalamu ya kuandikia!"

Walirudi mmoja mmoja, kila mtu akieleza kwamba alikuwa ameinama kuokota kitu.

Daxa hakuwa akiwasikiliza. Alizungusha kichwa cha bastola kwa kidole gumba na kutumbukiza penseli kwenye tundu la kwanza. Ikazama mpaka mwisho. La pili, mpaka mwisho. Akaendelea hivyo, na Sosthenes akaanza kupumua.

Tundu la sita, penseli iliingia kidogo tu ikagonga kitu.

Daxa aliacha kuzungusha. Alichukua chupa ya mafuta ya mashine, akadondosha matone kwenye kijilango, akasubiri, akakivuta kwa koleo ndogo mpaka kikakubali. Akamulika tochi ndani. Alipozungumza tena, ile sauti ya kejeli ilikuwa imemtoka.

"Kuna risasi humu."

"Ya penseli?" aliuliza Shangazi Matilda.

"Risasi ya kuua mtu, shangazi."

"Si ni ya zamani," alisema Sosthenes. "Imeshaoza."

"Hujui imeoza, na mimi sijui. Baruti ikikaa pakavu haihesabu miaka. Lakini kuna jambo jingine." Alisogeza tochi karibu zaidi. "Kitako cha hii risasi kina vishimo. Sindano ya nyundo imeipiga, tena zaidi ya mara moja. Ikakataa kulia. Ni nani anafyatua hii kitu?"

Sosthenes alianza kufunika hotpoti, ingawa haikuwa na kitu tena ila wali.

Ukoo wa Kalinga una baraka yake ya arusi. Mtunza bastola anamwekea bwana arusi mtutu utosini, anataja jina la Elifuti, anavuta kifyatuo. Nyundo inasema tak! Watu wanasema Amina, ngoma inaanza. Tangu kaka yake augue, aliyekuwa akibariki ni Sosthenes.

"Yesu na Maria!" ilisikika sauti kutoka nyuma ya turubai. Alikuwa Anyitike, kijana wa Tukuyu aliyemwoa binti wa Sosthenes. "Baba mkwe! Mimi ulinifyatulia mara mbili! Ulisema ya kwanza haijalia vizuri!"

Ilikuwa kweli. Alisema hivyo. Sosthenes anampenda Anyitike, ni kijana mpole anayemletea ndizi bila kuombwa, na sasa alikuwa akiuona utosi ule waziwazi, umenyolewa vizuri kwa ajili ya arusi.

"Nilikuwa nakubariki, mwanangu," alisema.

"Amina," alisema Faustina, lakini hata yeye hakuwa akicheka tena.

Daxa aliingiza bastola kwenye ndoo ya mchanga, mtutu chini, akarudi nyuma hatua kadhaa. "Hii ni silaha, inafanya kazi, na ina risasi. Mimi siigusi tena." Akachukua simu yake mwenyewe na kutoka nje kupiga. Sheria ya marehemu ni sheria.

Kule Kilolo, Bartholomeo alikuwa ameshafunga vifungo vyote. Alikohoa kwa adabu.

"Bahati nzuri," alisema, "tunaye hapa mwanetu Dastan. Hamkumwona kwa sababu yuko likizo, hajavaa sare."

Kamera ikageuka. Dastan, mtoto wa dada yake Sosthenes, polisi kwa kazi, alikuwa ameketi karibu na sufuria ya nyama. Alipangusa vidole, akasimama, akachomekea shati. Hapo likizo yake ilikuwa imekwisha.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, baba. Hujambo? Watoto?"

"Hawajambo, mjomba. Hiyo silaha ni ya nani?"

"Si yangu!" Sosthenes aliruka. "Mimi naitunza tu. Ni ya ukoo."

"Ni ya ukoo?" Dastan aligeuka na simu, akawamulika waliokaa.

Hapo, msomaji wangu, ndipo ukoo wa Kalinga ulipoyeyuka mbele ya kamera.

"Ukoo gani?" alisema Shangazi Matilda. "Mimi niliolewa zamani. Ni mtu wa kwa mume wangu mimi, hapa nimekuja kusalimia."

"Mimi ni mkwe," alisema Anyitike. "Tena Mnyakyusa."

Mmoja akasema yeye ni Kalinga kwa upande wa mama, haihesabiki. Mwingine akasema ni Kalinga wa Idodi, si hawa. Mzee mmoja, aliyecheza wimbo wa Elifuti kwenye arusi zote za kata ile, aliuliza kwa mshangao Elifuti ndiye nani. Bartholomeo akakumbusha kwamba yeye tangu mwanzo alisema ni bati na bado hajabadili msimamo.

Turubai lilikuwa limejaa watu, na Kalinga alikuwa amebaki mmoja, tena Mbeya.

"Sawa," alisema Dastan kwa upole wa kazi. "Tuseme ni mali ya ukoo. Mali ya ukoo anawajibika nayo nani?"

"Mkuu wa ukoo," waliitika wote. Hilo walikuwa na uhakika nalo.

"Na mkuu ni nani?"

"Hakuna!" Sosthenes aliishika simu kwa mikono miwili. "Kiti kiko wazi, Dastan! Hatujachagua! Na mimi nimejitoa, sikitaki, namwachia Bartholomeo. Yeye ndiye anafaa, ana busara, ana makoti! Bartholomeo hoyee!"

Hakuna aliyeitikia hoyee. Alikitoa kiti kile mbele ya watu wote, kiti alichokililia tangu kaka yake augue, na kilimtoka mdomoni mchana kweupe kama jino bovu. Aliona amepona.

Bartholomeo alisimama. Hata akavua kofia.

"Ndugu zangu, kuchokozana kupo, lakini haki ni haki. Masharti tuliweka sisi wenyewe, hapahapa Kilolo. Tulisema bastola ikiwa ya kweli, kiti ni cha Sosthenes. Mama wa Mbeya, msomi, kasema ni ya kweli. Tena kasema inafanya kazi! Mimi nani nipinge? Mimi leo namwomba radhi ndugu yangu hadharani. Wanaokubali Sosthenes awe mkuu wa ukoo, wanyooshe mikono."

"Ngojeni!" alisema Sosthenes.

Mikono ilikwenda juu. Shangazi Matilda, yule wa kwa mume wake, alinyoosha wa kwanza. Kalinga wa upande wa mama alinyoosha. Kalinga wa Idodi alinyoosha. Anyitike alinyoosha miwili. Mpishi alitoka jikoni, akauliza wanapigia kura nini, akaambiwa, akainua mwiko.

"Wanaokataa?"

"Mimi!" alisema Sosthenes. "Mimi nakataa!"

"Mgombea hapigi kura," alisema Bartholomeo. "Amepita bila kupingwa!"

Vigelegele vilivyopigwa pale havijawahi kusikika Kilolo, hata siku umeme ulipofika. Wakaanza na wimbo. Elifuti alimfuata Mjerumani, mguu kwa mguu. Waliuimba wote, walioolewa, wakwe na wa kusalimia tu, na Bartholomeo ndiye aliyekuwa akianzisha.

Daxa alirudi ndani. "Wanakuja," alisema. Akavuta kiti, akamsogezea Sosthenes. Hakuwa na nia mbaya. Alimwona tu amepauka.

Sosthenes akakaa.

Dastan aliinua mkono, wimbo ukakatika. Alisogeza simu karibu na uso wake.

"Hongera, mjomba," alisema. "Ila kelele za watu siyo maelezo. Wenzangu wa Mbeya watakapofika watataka kusikia kwa mdomo wako, na mimi nataka kusikia kabla yao. Ukisema ni wewe, silaha ni yako kisheria. Ukisema si wewe, Shangazi na wazee wote hawa wametoa ushahidi wa uongo mbele yangu, nitaanza kuwachukua mmoja mmoja, nyama wataziacha hapohapo. Nakuuliza mara moja tu. Mkuu wa ukoo wa Kalinga ni nani?"

Hakuna aliyesogea chini ya turubai. Shangazi Matilda alikuwa ameshika kifua, na macho yake ya kizee yalikuwa yakimwangalia Sosthenes kwa unyenyekevu ambao hajawahi kumwonyesha tangu azaliwe.

Faustina alimwekea mume wake mkono begani. "Jibu, baba Kalinga," alisema taratibu. "Wanakungoja wewe."

Nje, gari lilisimama, milango ikafunguka. Sosthenes aliitazama simu. Maisha yake yote alikuwa ametamani mtu wa serikali amwulize swali hilo, hadharani, ukoo mzima ukisikia.